Jinsi ya Kutambua Mashine ya Zamani ya Kunolea Visu vya Kukatia Nyasi: Mwongozo Kamili

Kuna kifaa cha shambani ambacho huwasumbua sana watu wanaorithi maghala ya wazee wao. Fremu yake ni ya chuma cha kusubu, ina mkono wa kuzungusha, gia mbili au tatu, jiwe dogo lenye umbo lisilo la kawaida, na kibano kirefu kisichoonekana kubana kitu chochote unachokijua. Mmoja atasema ni mashine ya kupukuchulia mahindi iliyopoteza nusu ya viungo vyake. Mwingine atasema ni kekee ya mkono. Mwuzaji wa vitu vya kale atakibandika karatasi yenye neno "kinoo" na kuishia hapo, na bei ataipanga kwa kukisia.

Tatizo ni kwamba wote wanaanza na sura ya kifaa. Mashine ya kunolea haieleweki kwa sura yake, kwa sababu iliundwa kufuata kisu inachokinoa: upana wake, mteremko wa makali yake, hata urefu wake. Ukikijua kisu, kila kipande cha mashine hujieleza chenyewe. Kwa hiyo tutaanza na kisu, kisha ndipo tushike mashine.

Kisu kilichokuwa kinanolewa

Kabla trekta hazijaenea, nyasi za kukaushwa kwa ajili ya mifugo zilikatwa kwa mashine yenye magurudumu mawili ya chuma, iliyovutwa na farasi. Ubavuni mwake kulikuwa na upau uliolala karibu na ardhi, wenye vidole vya chuma vilivyoelekea mbele. Ndani ya vidole hivyo kisu kirefu kilikwenda kulia na kushoto kwa kasi, na nyasi zilizoingia kati ya vidole zikakatwa. Nchini Marekani, Obed Hussey alipewa hataza (haki ya mbunifu inayotolewa na serikali) ya mashine ya kuvunia yenye mkato wa namna hii mwaka 1833, na Cyrus McCormick akapata ya mashine yake mwaka 1834. Mashine zilizofuata zilibadilika kwa mengi, lakini kisu cha meno ya pembetatu kimebaki hadi leo.

Kitazame kisu hicho kwa karibu. Ni upau mwembamba wa chuma uliopigiliwa meno kwa ribiti, kila jino mbili. Jino ni pembetatu iliyokatwa ncha, na upana wake kwenye kitako, katika visu vingi vya kawaida, ni inchi 3, yaani milimita 76. Kisu cha futi 5 kinabeba meno 20. Kila jino lina makali pande zote mbili, kwa hiyo kuna makali 40 ya kunoa, na wakati wa kukata nyasi kazi hiyo ilirudiwa mara kwa mara, kwa kuwa udongo na vijiwe humaliza makali upesi. Mtu mwenye tupa angeweza kuifanya, ila ingemla muda mwingi wa asubuhi ambao jua lilikuwa linausubiri.

Mambo mawili zaidi kuhusu jino, kwa maana ndiyo yanayoeleza umbo la mashine nzima. Kwanza, makali yamechongwa kwa mteremko upande wa juu tu. Upande wa chini ni bapa, maana ndio unaoteleza juu ya bamba lililo kwenye kidole, kama ulimi mmoja wa mkasi juu ya mwenzake. Jiwe halitakiwi kuugusa upande huo. Pili, meno mawili yaliyokaa bega kwa bega huacha bonde kati yao, lenye umbo la herufi V. Ukingo mmoja wa bonde ni makali ya kulia ya jino hili, na ukingo wa pili ni makali ya kushoto ya jino linalofuata. Aliyebuni mashine ya kunolea aliliona bonde hilo akatengeneza jiwe linaloingia ndani yake.

Hatua ya kwanza: acha kutu ilivyo

Hamu ya kwanza ya mtu aliyeokota chuma cha zamani ni kukipiga brashi ya waya. Zuia mkono. Mabaki ya rangi ndani ya pembe, unga wa jiwe uliogandamana na grisi, alama za mikwaruzo kwenye kibano, vyote ni ushahidi, na brashi ikishapita haurudi tena.

Piga picha kwanza. Pande zote sita, kisha gia kwa karibu, jiwe kwa ubavu, kibano kikiwa wazi na kikiwa kimefungwa kama kinafungika. Weka rula ndani ya kila picha. Kwa maandishi yaliyofifia, zima taa kubwa, shika tochi ikilala karibu kabisa na uso wa chuma, na upige picha huku mwanga ukitoka upande mmoja. Herufi ambazo mchana huzioni zitajitokeza kwa vivuli vyake. Njia nyingine ni kulaza karatasi nyembamba juu yake na kuisugua kwa penseli laini.

Rangi ya zamani inaweza kuwa na madini ya risasi. Usiikwangue ikiwa kavu ndani ya nyumba, na nawa mikono ukimaliza.

Hatua ya pili: tafuta mahali kazi ilipokaa

Hapa ndipo utambulisho unapoamuliwa, kwa hiyo usiwe na haraka. Kila mashine ya kunolea ina sehemu inayoshika au kuegemeza kitu kinachonolewa. Mashine ya kawaida ya mezani ina kiegemeo kidogo cha bapa mbele ya jiwe, ambapo unaweka patasi au shoka. Mashine ya visu vya nyasi haiegemezi, inabana. Na inachobana ni kirefu na chembamba.

Tafuta mfereji au jozi ya kucha zinazoweza kushika upau wenye upana wa sentimita mbili au zaidi kidogo, na unene wa milimita chache. Ukiupata, tazama miisho yake. Je, uko wazi pande zote mbili? Hii ni dalili kubwa. Kisu chenye urefu wa zaidi ya mita moja na nusu hakiwezi kukaa ndani ya kibano chenye ukuta upande mmoja. Lazima kiteleze, jino moja linolewe, kisha kisukumwe hadi bonde linalofuata. Kwa sababu hiyo kibano chake hufunguka na kufunga upesi, kwa springi, kwa wenzo mdogo, au kwa skrubu yenye masikio ambayo haihitaji spana. Kibano cha kufungwa kwa bolti nne ni cha mashine nyingine.

Angalia pia kama kibano chenyewe kinainama. Katika mashine nyingi kisu hulazwa kwa pembe fulani dhidi ya jiwe ili mteremko wa makali utoke sawasawa, na mara nyingi kuna bamba lenye matundu kadhaa au mfereji uliopinda wa kurekebishia pembe hiyo. Mikwaruzo sambamba, iliyopangana kwa umbali unaolingana, inaonyesha mahali meno yalipokuwa yanakaa. Pima umbali huo. Ukikuta milimita 76, umeshapata jibu kabla hujafika mbali.

Hatua ya tatu: soma jiwe

Jiwe la mashine ya kawaida ni gurudumu lenye uso bapa pembeni. La kwetu lina miteremko miwili inayokutana katikati ya ukingo, kiasi kwamba ukilikata katikati utaona ncha pana, si mstari ulionyooka. Ncha hiyo ndiyo inayoshuka ndani ya bonde na kunoa kingo mbili kwa mpigo mmoja. Zipo pia mashine zenye jiwe la koni au gurudumu lenye mteremko mmoja. Hizo hunoa upande mmoja wa meno yote, kisha kisu kinageuzwa au mashine inageuzwa kwa ajili ya upande wa pili.

Kuna tahadhari hapa. Jiwe huchakaa, na jiwe lililochakaa hubadilika umbo. Ncha inaweza kuwa imelika na kuwa mviringo, au mteremko mmoja ukawa umeliwa kuliko mwingine na mwenye mashine aliyependelea upande mmoja. Vilevile jiwe linaweza kuwa limebadilishwa na kuwekwa la bapa, hasa kama mashine iligeuzwa matumizi kisu cha nyasi kilipotoweka. Ndiyo sababu nasisitiza kibano kitangulie jiwe. Kibano hakibadilishwi kirahisi. Kimetengenezwa kwa kulingana na fremu yake.

Jiwe lina habari nyingine, nayo ni ya umri. Jiwe la asili la mchanga lina rangi ya kijivu au manjano hafifu, na ukilitazama kwa lenzi unaziona chembe za mchanga zimeshikana. Mawe ya namna hiyo yalichimbwa kwa wingi Ohio, jimbo la Marekani, na jiwe la mchanga la Berea lilijulikana sana kwa kunolea. Jiwe la emeri ni jeusi lenye ukahawia, limezubaa, halimeti. Jiwe la silikoni kabidi ni jeusi au kijivu kizito, wakati mwingine kijani, na chembe zake humetameta kwenye mwanga. Mmarekani Edward Acheson aligundua jinsi ya kuitengeneza maada hiyo na kupata hataza mwaka 1893, kwa hiyo jiwe la aina hiyo haliwezi kuwa la kabla ya miaka hiyo. Mawe ya oksidi ya alumini yaliyotengenezwa viwandani, yenye rangi ya kahawia, kijivu, nyeupe au waridi, ni ya karne ya 20.

Lakini umri wa jiwe ni umri wa jiwe. Fremu inaweza kuwa imezeeka kwa miaka 30 kuliko jiwe lililo juu yake.

Hatua ya nne: zungusha, taratibu

Ikiwa imeganda, usiupige mkono kwa nyundo. Chuma cha kusubu hakipindi, kinavunjika, na jino moja la gia likiondoka mashine imekufa. Weka mafuta ya kupenyeza kutu kwenye kila ekseli, subiri hadi kesho, rudia, kisha jaribu kwa nguvu ya mkono tu, mbele kidogo na nyuma kidogo.

Ikizunguka, chora mstari wa chaki kwenye jiwe na mwingine kwenye mkono. Zungusha mkono mara moja kamili na uhesabu jiwe limezunguka mara ngapi. Kwenye mashine za kunolea jiwe huzunguka mara kadhaa, hata zaidi ya kumi, kwa kila mzunguko wa mkono. Kwenye kekee ya mkono uwiano ni mdogo zaidi, na mashine ya kupukuchulia mahindi ina diski yenye meno makubwa ndani ya sanduku, wala si ekseli tupu ya kubeba jiwe.

Sasa angalia jambo ambalo mashine nyingine za kunolea hazina. Wakati jiwe linazunguka, je, linaweza pia kwenda mbele na nyuma, au juu na chini? Makali ya jino ni marefu kuliko unene wa jiwe, kwa hiyo jiwe lazima lisafiri kutoka kitako hadi ncha. Baadhi ya mashine hufanya hivyo zenyewe: kuna kidude kisicho katikati ya ekseli, au wenzo uliofungwa kwenye gia, kinachosukuma mkono wa jiwe kila unapozungusha. Nyingine zinaacha kazi hiyo kwa mtu: mkono mmoja unazungusha, mkono wa pili umeshika kishikio kinachoinua na kushusha jiwe. Ukiona ekseli ya jiwe imebebwa na mkono unaobembea kwenye kiungo, na springi inayolivuta jiwe kwenda kwenye kazi au kulirudisha juu, hiyo ndiyo dalili ya tatu.

Kibano kirefu kilicho wazi pande zote mbili, jiwe lenye miteremko, na mkono unaobembea. Moja peke yake ni dhana. Mbili ni dhana nzuri. Tatu zikikutana, una mashine ya kunolea visu vya nyasi, hata kama haina herufi moja juu yake.

Hatua ya tano: ilifungwa juu ya nini?

Tazama chini yake. Wakulima walipenda kunoa palepale shambani, kwa hiyo baadhi ya mashine zina kulabu na skrubu za kushika ukingo wa gurudumu la mashine yenyewe ya kukatia. Mdomo wa kibano cha namna hiyo una nafasi kubwa au umepinda kidogo, haulingani na ubao wa meza. Nyingine zina matundu ya bolti za kufungia kwenye meza ya kazi, au kucha za kushika ubao wima.

Kundi la tatu lina kiti na pedeli. Mtu alikaa kama juu ya baiskeli, akaendesha jiwe kwa miguu na mikono yake ikabaki huru. Hizi ziliuzwa mara nyingi kama mashine ya kunolea kila kitu shambani, na kifaa cha visu vya nyasi kilikuwa kiambatisho kimoja kati ya kadhaa. Kama una fremu yenye pedeli lakini kibano kirefu hakipo, usikate tamaa wala usitangaze ushindi. Tafuta matundu au vishimo vitupu ambapo kiambatisho kingekaa, na upekue lile sanduku la vyuma mchanganyiko ambalo halikosi kwenye ghala lolote.

Jaribio la kadibodi

Hata kama huna kisu cha kweli, unaweza kukitengeneza. Nalipenda jaribio hili kuliko yote kwa sababu linamaliza ubishi.

Chukua kadibodi ngumu au ubao mwembamba wa plaiwudi, urefu wa nusu mita. Chora mstari ulionyooka sentimita mbili na nusu kutoka ukingo wa chini; huo ndio upau. Juu ya mstari weka alama kila milimita 76. Kati ya alama na alama chora jino: kitako milimita 76, kimo takriban milimita 55, ncha iliyokatwa yenye upana wa milimita 15 hivi. Kata meno matano. Ukiweza kupata jino moja la kweli, jipya au la zamani, acha vipimo vyangu na ulichore hilo, kwa kuwa viwanda vilitofautiana.

Ingiza upau wa kadibodi ndani ya kibano, meno yakielekea kwenye jiwe. Sukuma hadi bonde moja likae mbele ya jiwe, kisha shusha jiwe taratibu bila kulizungusha. Likiingia bondeni likagusa kingo mbili kwa pamoja, au likalala sawasawa juu ya ukingo mmoja na kusafiri kutoka kitako hadi ncha bila kugonga jino la jirani, mashine imejitambulisha. Sukuma bonde linalofuata, rudia. Ikiwa jiwe halifiki, au linafika likiwa limeinama vibaya, rekebisha pembe ya kibano kabla ya kukata kauli. Ikiwa hata upau hauingii, basi mashine hii ilishika kitu kingine na unapaswa kusoma sehemu inayofuata kwa makini.

Vifaa vinavyofanana nayo

Kinachowapoteza watu zaidi ni kibano cha ribiti. Nacho ni cha kisu kilekile cha nyasi, kina umbo la jiliwa ndogo au koleo zito, na kina ncha ya chuma ya kusukumia ribiti nje pamoja na kikombe kidogo cha kufinyia ribiti mpya. Kazi yake ni kubadilisha meno yaliyovunjika. Hakina jiwe na hakijawahi kuwa nalo. Ukikiuza kama kinoo utakuwa umemdanganya mnunuzi, ingawa wenye kisu cha zamani watakihitaji vilevile.

Fuawe ndogo ya mundu mrefu wa mkono ni kipande cha chuma chenye ncha chini, kinachopigiliwa kwenye gogo, na uso mdogo juu. Makali ya mundu hugongwa kwa nyundo juu yake hadi yawe membamba. Haina gia wala mkono wa kuzungusha.

Mashine za bustani zenye silinda ya visu vilivyojipinda ni ukoo tofauti kabisa. Edwin Budding alipata hataza yake Uingereza mwaka 1830, na visu vyake hunolewa kwa namna nyingine: ama kwa kuzungusha silinda kinyume huku imepakwa unga wa kusaga, ama kwenye fremu kubwa inayoibeba silinda nzima. Kama kifaa chako kina nafasi ya kulaza kitu cha mviringo kama pipa jembamba, huko ndiko kiliko.

Mashine ya kunolea meno ya msumeno ina jiwe jembamba sana na kiongozi kinachosogea kwa hatua ndogo, si milimita 76. Jiwe kubwa la mchanga lenye kipenyo cha mkono mzima, juu ya fremu ya mbao na hori la maji chini yake, lilinoa shoka na panga na pia liliweza kunoa jino la kisu cha nyasi kwa shida. Hilo ni jiwe la matumizi yote.

Kusoma maandishi

Namba zilizosubiwa ndani ya chuma huwachanganya wengi. Namba fupi, tuseme yenye tarakimu mbili hadi nne na herufi mbele au nyuma, karibu daima ni namba ya kipande, iliyomsaidia fundi kuagiza kingine. Haina uhusiano na mwaka. Kipande kimoja kikiwa na "1912" na kingine kina "1914" kwenye mashine hiyohiyo, usiharakishe kusema ni miaka.

Maandishi ya hataza ni mali. Kwenye vifaa vya Marekani yanaanza na "PAT." au "PAT'D" yakifuatwa na tarehe au namba. Tarehe ina njia yake nzuri ya kuhakikiwa: tangu mwaka 1848 hataza za Marekani zimekuwa zikitolewa siku ya Jumanne. Kama herufi zimelika na hujui ni tarehe 8 au 3, tafuta kwenye kalenda ya mwaka huo ipi ilikuwa Jumanne. Alama za namba badala ya tarehe zilikuja kuwa kanuni mwaka 1927, kwa hiyo kifaa chenye tarehe tupu mara nyingi ni cha kabla ya hapo.

Ukiwa na namba, huu ndio mpangilio: mwanzoni mwa 1880 namba zilikuwa zimefika karibu 223,000, mwanzoni mwa 1900 karibu 640,000, namba 1,000,000 ilitolewa tarehe 8 Agosti 1911, mwanzoni mwa 1920 zilizidi 1,326,000, mwanzoni mwa 1940 zilizidi 2,185,000. Ingiza namba yako kwenye tovuti ya Google Patents na utaona michoro ya mbunifu mwenyewe. Ilinganishe na mashine yako gia kwa gia. Kama huna namba, tafuta humohumo kwa maneno "sickle grinder" au "mower knife grinder" na uweke kikomo cha miaka. Michoro ya zamani ni mizuri na inasomeka hata na asiyejua Kiingereza cha kisheria.

Kumbuka kwamba hataza inakupa mwaka ambao kifaa hakiwezi kuwa kabla yake. Kiwanda kiliweza kuendelea kusubu tarehe ileile kwa miaka mingi.

Vifaa vya Ujerumani hubeba "D.R.P." ambayo ni hataza ya dola iliyotolewa kuanzia 1877 hadi 1945, au "D.R.G.M.", hifadhi ya ubunifu mdogo iliyoanza 1891. Jina la nchi likiwa limeandikwa kwenye kifaa kilichoingizwa Marekani, kuna uwezekano mkubwa ni cha 1891 au baadaye, kwa kuwa ndipo sheria ya forodha ilipoanza kulidai.

Jina lililo kwenye mkono wa mashine linaweza kuwa la muuzaji, si la kiwanda. Makampuni makubwa ya mashine za kilimo, kama International Harvester iliyoundwa 1902, yaliuza vifaa vingi chini ya jina lao.

Dalili ndogo za umri

Nati za mraba huashiria kifaa cha zamani zaidi, nati za pembe sita kifaa cha karibuni zaidi, ingawa nati za mraba zilidumu kwenye zana za shamba muda mrefu. Skrubu yenye msalaba ni ya katikati ya miaka ya 1930 au baadaye, isipokuwa imebadilishwa. Mshono wa kulehemu uliofanywa kiwandani unaipeleka fremu kwenye karne ya 20. Mshono mbaya juu ya ufa ni ukarabati tu. Kapi ya mkanda mahali ambapo ungetarajia mkono wa kuzungusha inaonyesha mashine iliendeshwa na injini au mota.

Kama unataka inoe tena

Mashine nyingi kati ya hizi bado zinafanya kazi, nami naona ni heri zifanye kazi kuliko kupakwa rangi ya kung'aa na kuwekwa dirishani. Ila jiwe la zamani lichunguzwe kwanza. Litoe, lifute, lipitishe kwenye kidole au kijiti, na uligonge taratibu kwa mpini wa bisibisi wa mbao au plastiki, pande kadhaa. Jiwe zima la kiwandani hulia kwa sauti safi. Likitoa mlio wa kufa, lina ufa, na lisizungushwe tena hata kwa mkono. Jiwe la asili, na jiwe lililogandishwa kwa raba au gundi, halitalia vizuri hata likiwa zima, kwa hiyo hayo yachunguze kwa macho na lenzi.

Usifunge mota ya umeme. Jiwe hilo liliundwa kwa kasi ya mkono wa mtu, na likipasuka kwa kasi ya mota vipande vyake haviangalii aliye mbele. Vaa miwani ya kazi, na kama jiwe ni la mchanga wa asili, noa nje na uvae barakoa ya vumbi, maana vumbi lake lina silika inayoharibu mapafu.

Tazama meno ya kisu kabla ya kuanza. Meno laini hunolewa. Meno yenye vijino vidogo upande wa juu hayanolewi, hubadilishwa, kwa sababu jiwe litafuta vijino hivyo. Bana kisu upande bapa ukiwa mbali na jiwe, anzia mwisho usio na kichwa (kichwa ni sehemu ambayo mashine ya kukatia hushikia kisu ili kukisukuma), na ushushe jiwe kwa uzito mwepesi. Usikae mahali pamoja. Ukiona makali yanageuka buluu, umelichoma jino na ugumu wake umeondoka, punguza mkandamizo. Endelea hadi mstari unaong'aa ufike kwenye ukingo wenyewe kuanzia kitako hadi ncha, sukuma kisu bonde moja mbele, na unapofika la mwisho linganisha upana wa mteremko wa jino la kwanza na la mwisho. Ukiwa umetofautiana, legeza kibano, rudisha pembe mahali pake, na upitishe jiwe mara moja zaidi kwenye yale yaliyopungukiwa.